Matunda ya Msimu Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sokoni watu wengi huanza na bei. Bibi yangu, ambaye nilikuwa nikimbebea kikapu Marikiti kabla sijaanza shule, alikuwa na swali lake la kwanza: "Haya yametoka wapi?" Akijibiwa Msambweni au Takaungu, huuliza tena yaliangulwa lini. Bei ilikuja mwisho. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa kila mwaka na jamaa, majirani na wageni waliohamia kutoka bara, na majibu mengi yanarudi kwenye yale mawili ya bibi.

Msimu wa maembe Mombasa ni lini?

Msimu mkubwa huanza Novemba, hupamba moto Desemba na Januari, kisha hupungua taratibu hadi Machi, mvua za mwaka zinapokaribia. Ndio wakati wa kaskazi: jua kali, bahari imetulia kuliko wakati wa kusi, na mikokoteni ya Mwembe Tayari imejaa manjano mtupu. Upo pia msimu mdogo katikati ya mwaka, kuanzia Mei au Juni hadi Agosti hivi. Huo wageni wengi hawaujui, kwa hivyo huyapita maembe wakidhani ni ya kuhifadhiwa. Huwa machache na bei yake iko juu kidogo, lakini ni maembe halali ya miti yetu.

Neno "msimu" lenyewe lina asili ya Kiarabu, na wenye majahazi walilitumia kwa nyakati za pepo. Hapa pwani matunda na pepo bado vinakwenda pamoja. Mtu aliyezoea hutazama tu bendera ya mashua inapepea upande gani, akajua kikapu cha wiki hiyo kitakuwa na nini.

Mbona mwaka mmoja maembe ni mengi hadi yanaoza, na mwaka wa pili hayaonekani?

Sababu ni mbili. Mwembe hutaka kipindi kikavu wakati wa maua. Mvua ikinyesha juu ya maua, au unyevu ukikaa siku nyingi, maradhi ya ubwiri unga na chule huingia, maua yanakuwa meusi na kupukutika. Mkulima huona mti umechanua mweupe wote, na wiki tatu baadaye hana kitu. Sababu ya pili ni mti wenyewe: mwembe ukizaa sana mwaka huu, mara nyingi hupumzika mwaka unaofuata. Kwa hivyo mchuuzi akikwambia "mwaka huu maembe hakuna," usidhani anatafuta kisingizio cha kupandisha bei.

Ngowe, boribo, apple, dodo, batawi: nitazitofautishaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na nitalijibu kwa urefu.

Ngowe ni refu, limepinda kidogo, lina mdomo kama wa ndege mwishoni. Likiiva hugeuka manjano ya kukoza, karibu na rangi ya machungwa. Halina nyuzi. Unaweza kulichanja kwa kisu kidogo ukalila kwa kijiko, na kokwa lake ni bapa, jembamba, halikuibii nyama. Kwangu mimi ndilo embe la pwani hasa. Nikipewa nafasi ya kula embe moja tu kwa mwaka, nitachagua ngowe la Januari.

Boribo ni kubwa, refu, nyama yake ya rangi ya machungwa na ina nyuzi kidogo. Harufu yake hujaza chumba. Ni zuri mno kwa sharubati kwa sababu utamu wake hauzimwi na maji.

Apple ni la mviringo, na upande uliotazama jua huwa na wekundu. Nalo ni la kwetu: chimbuko lake ni maeneo ya Malindi, ingawa siku hizi linalimwa hadi Makueni na kwingineko. Halina nyuzi, linapendwa na watoto, na linasafiri vizuri. Hapa kuna kosa moja wanalofanya wengi: wanachagua lililo jekundu zaidi wakidhani ndilo lililoiva zaidi. Wekundu ule ni wa jua, hauhusiani na kuiva. Tazama ile sehemu isiyo nyekundu. Ikiwa bado kijani kibichi, embe ni bichi hata likiwa limepakwa haya usoni.

Dodo ni nene, la duara, lina nyuzi zinazobaki kwenye meno, na wapo wazee wasiolibadilisha kwa embe jingine lolote. Batawi ni kubwa na la duara. Wengi hulipenda likiwa halijalainika sana.

Aina yoyote ile, fanya hivi: lishike, litazame mabega pale karibu na kikonyo. Mabega yakiwa yamejaa na kuinuka, embe lilikomaa mtini. Yakiwa yamebonyea, liliangulwa changa, na halitakuwa tamu hata ulingoje wiki mbili. Kisha linuse pale pale kwenye kikonyo. Embe zuri hunukia kabla hujalimenya.

Nitajuaje embe limeivishwa kwa dawa?

Dawa inayosemwa ni kabaidi, ile ile ambayo mafundi wa kuchomelea vyuma huitumia kutoa gesi. Ikikutana na unyevu hutoa gesi ya asetilini, inayofanya ganda libadilike rangi upesi. Kabaidi ya viwandani huweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, na hiyo ndiyo sababu ya kuiogopa.

Mwaka mmoja, mapema Oktoba, nilinunua maembe kumi na mawili kando ya barabara. Yote yalikuwa ya rangi moja, manjano kama kiini cha yai, hakuna lenye doa wala kivuli cha kijani. Nilifurahi hadi nilipofika nyumbani. Nilikata la kwanza: ndani jeupe, gumu karibu na kokwa, chachu, na halikuwa na harufu hata kidogo. La pili vivyo hivyo. Yote kumi na mawili yalikwenda jaani, na kilichoniuma zaidi ni kwamba ishara zote zilikuwa mbele ya macho yangu. Maembe ya mti mmoja hayaivi sare. Lundo likiwa na rangi moja tupu, tena kabla ya msimu, liache.

Nimeletewa pakacha zima la maembe ambayo hayajaiva. Niyafanyeje?

Yavumbike. Tunda linaloiva hutoa lenyewe gesi ya ethilini, na gesi hiyo huyaivisha yaliyo jirani. Kazi yako ni kuifungia isipotee. Bibi alipanga maembe kwenye sanduku la mbao juu ya majani makavu ya mgomba, vikonyo vikitazama chini, safu juu ya safu, akatia ndizi mbivu mbili katikati, akafunika kwa gunia. Siku ya tatu alianza kutia mkono bila kutazama, akibonyeza moja moja kwa kidole gumba, akitoa yaliyokuwa tayari. Alikuwa hakosei. Usipokuwa na sanduku, tumia mfuko wa karatasi au uyafukie kwenye pipa la mchele. Mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa haufai: unyevu hukusanyika na maembe yanaota ukungu.

Kumbuka tu kwamba kuvumbika hakugeuzi embe changa kuwa zuri. Lililoangulwa kabla ya kukomaa litalainika na kukunjamana, basi.

Kwa nini midomo huniwasha nikila embe?

Ni utomvu unaotoka kwenye kikonyo, uliobaki juu ya ganda. Mwembe na mkanju ni wa jamaa moja, na sote tunajua mafuta ya ganda la korosho yanavyochoma. Osha embe vizuri, kata pale kwenye kikonyo uache utomvu udondoke, na usimenye kwa meno. Ngozi yako ikivimba au ukitokwa na malengelenge, acha embe na umwone daktari.

Embe bichi la chumvi na pilipili nalo ni tunda la msimu?

Tena ndilo la mwanzo kabisa! Maembe mabichi hutangulia mabivu kwa wiki kadhaa. Nenda Mama Ngina jioni, chini ya ile mibuyu mikubwa inayotazama mlango wa bandari, utamwona mchuuzi analichanja embe bila kulikatisha, linafunguka kama ua, kisha anatia chumvi na pilipili ya unga katikati. Wale wanaoyapika wana lao pia: achari, au vipande vichache ndani ya mchuzi wa samaki badala ya ndimu.

Nikanunue wapi, Kongowea au Marikiti?

Inategemea unanunua kiasi gani. Kongowea, ng'ambo ya daraja la Nyali, ni soko la jumla. Malori huingia usiku na alfajiri, na anayefika mapema hupata kreti au gunia kwa bei ambayo hutaiona mjini. Ni soko la haraka na la makelele, hakuna wa kukubembeleza, kwa hivyo nenda na jirani mgawane. Marikiti, pale Mji wa Kale, ni pa kuchagua tunda moja moja na kuzungumza. Muuzaji akikuzoea atakwambia ukweli: "Haya usichukue, mwanangu, ngoja ya kesho kutwa."

Ukinunua kwa fungu popote, omba kuligeuza fungu. Mazuri hukaa juu.

Na usiwadharau akina mama wanaovuka Likoni na vikapu asubuhi. Kile walichobeba mara nyingi kiliangulwa jana yake Kwale, kwenye shamba wanalolijua.

Dafu zuri likoje?

Mnazi hauna msimu mmoja. Huzaa mwaka mzima, na ndiyo maana dafu halikosekani. Kinachobadilika ni umri wa tunda: huanza kidaka, likawa kitale, kisha dafu, kisha koroma, mwisho nazi. Dafu hufikia utamu wake likiwa na miezi sita au saba hivi. Nazi kamili huchukua karibu mwaka.

Litikise karibu na sikio. Dafu lililojaa halilii, au hulia kidogo sana. Likilia sana, maji yamepungua na linaelekea kuwa koroma. Mwambie muuzaji mapema kama unataka la maji matupu au lenye nyama, kwa sababu anayejua kazi yake hugonga kwa mgongo wa panga, akasikiliza, akakuchagulia. Akishalipasua, usiondoke kabla hajakuchongea kijiko kutoka kwenye ganda lake. Nyama ya dafu iliyokaa vizuri hubanduka kwa utando mmoja, laini, inapita mwanga.

Maji yake yanywe pale pale. Ndani ya dafu zima ni safi, lakini yakishamiminwa kwenye chupa na kukaa juani hayana kinga tena.

Maembe yakiisha, tunakula nini?

Papai na ndizi hazitutupi mwaka mzima. Machungwa na machenza huja kwa wingi kusi inapovuma, mengi yakitokea Kwale na upande wa Tanga, hasa Muheza. Yana ganda la kijani hata yakiwa yameiva, maana joto letu haliyapi ile rangi ya dukani, na ladha yake ni tamu kabisa. Ndizi nyingi hutoka Taveta na bara zaidi.

Fenesi ni la kununua kwa shauri la familia. Paka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu kabla ya kulipasua, la sivyo ulimbo wake utakaa nawe hadi kesho. Kokwa zake usitupe. Zichemshe kwa chumvi. Stafeli likiiva huliwa siku hiyo hiyo, halina subira.

Zambarau, kunazi, mabungo na mabibo vimekwenda wapi?

Miti imekatwa, kwa ufupi. Matunda haya hayakulimwa sana kama mazao ya biashara. Yalikuwa ya viwanja, ya makaburini, ya njia ya kwenda madrasa. Tulipopoa zambarau kwa mawe na kurudi nyumbani na ulimi wa buluu, tukaulizwa tulikuwa wapi hali jibu limeandikwa mdomoni. Viwanja vimejengwa. Hata majina ya mitaa yetu, Mwembe Tayari, Mwembe Kuku, Mwembe Tanganyika, yanataja miti ambayo anayepita leo haioni.

Lakini hayajatoweka. Ukiyaona, hata mafungu mawili juu ya gunia, nunua, kwa sababu mchuuzi hurudi na kile kilichonunuliwa. Mabungo hutoa sharubati ambayo kwa maoni yangu inaishinda ya pesheni. Mabibo huharibika siku ile ile yanapoanguka, kwa hivyo mtu wa mjini huyapata tu akienda Kilifi au Kwale wakati wa korosho. Ubuyu ndio umebaki na nguvu, hasa ule wa sukari na iliki. Ila jaribu pia unga wake mkavu ndani ya maji au uji, bila rangi.

Nimekata pera nikakuta funza. Nitupe yote?

Ni watoto wa nzi wa matunda. Aina moja iliyotoka Asia iligunduliwa Kenya mwaka 2003, na tangu hapo imewasumbua wakulima vibaya sana, hata nchi ikasimamisha yenyewe kuuza maembe Ulaya mwaka 2014, hadi 2021. Kata sehemu iliyoharibika uone. Ikiwa nyama iliyobaki ni ngumu na haina harufu ya kuchacha, inaliwa. Yaliyoharibika usiyatupe chini ya mti. Yafunge kwenye mfuko na uuache juani, wale funza wafe, la sivyo unajifugia nzi wa msimu ujao.

Na pera lisisusiwe kwa hilo. Lina vitamini C zaidi ya mara tatu ya chungwa la uzito ule ule.

Yale yaliyokatwa na kufungwa barabarani ni salama?

Mimi hununua zima, au nakatiwa nikitazama. Tunda likishakatwa, usalama wake ni wa kisu, wa mkono na wa maji yaliyotumika, na katika joto la Mombasa saa chache zinatosha kuliharibu. Nyumbani, osha ganda kwa maji safi yanayotiririka hata kwa tunda unalomenya, kwani kisu hubeba uchafu wa nje kuuingiza ndani. Tikitimaji husahauliwa sana hapa.

Nina ugonjwa wa sukari. Niache matunda?

Kwa kawaida hapana, lakini kiasi na namna vina uzito, na daktari wako ndiye wa kukupangia. Tunda zima lina nyuzi zinazopunguza kasi ya sukari kuingia damuni. Glasi ya sharubati ya maembe matatu haina kizuizi hicho. Kipande cha papai au pera moja si sawa na jagi. Mwenye maradhi ya figo aulize hospitali kabla ya kuzoea madafu na ndizi, kwa sababu vina potasiamu nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu mzima, na wengi wetu hatufiki hapo hata Januari, maembe yakiwa yamejaa kila kona.

Nitie kwenye friji?

Yaliyoiva, ndiyo. Embe bichi na ndizi, hapana: baridi huzizuia kuiva, na ganda la ndizi huwa jeusi.

Matunda gani ya kufuturia Ramadhani?

Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka kwa kalenda ya kawaida, kwa hivyo kila kizazi kina futari yake. Utotoni mwangu tulifuturu kwa machungwa. Miaka hii tunapata mwisho wa maembe, na miaka michache ijayo mwezi utaingia katikati ya msimu wenyewe. Tende na maji kwanza, kisha papai au tikitimaji, na ndizi mbivu za mzuzu zilizopikwa kwa tui na iliki. Ukwaju uroweke tangu adhuhuri, uukamue kwa mkono, na sukari uitie kidogo mwishoni baada ya kuonja.

Nina uwanja mdogo Kisauni. Nipande nini?

Papai, kwa kuanzia. Panda miche mitatu shimo moja, ingoje itoe maua, kisha ng'oa midume na uache jike moja. Ukiutunza utakula ndani ya mwaka. Kwa mwembe tafuta mche uliobebeshwa, uwe ngowe au apple, kwani huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, ilhali uliopandwa kwa kokwa huchukua zaidi na huenda usifanane na mamaye. Upande Aprili, mvua za mwaka zikianza, mbali na ukuta na bomba la maji taka. Kaskazi ya kwanza ndiyo inayoua miche mingi. Mwagilia jioni mara mbili au tatu kwa wiki, tandaza makuti makavu kuzunguka shina, na maua ya kwanza yakitoka mti ukiwa bado mfupi kuliko wewe, yakate.